Dar hadi Tanga kwa njia ya pwani, polepole: panga safari kwa maji, usipange kwa saa

Mleta uzi

Habari zenu wakuu.

Ukimwambia mtu unakwenda Tanga kutoka Dar, anachowaza ni Chalinze na Segera. Kilomita kama 350 za malori, matuta na vibao vya 50, na bahari huioni mpaka uingie mjini. Nataka niwaelezee njia nyingine, ile ya kushikilia pwani: Bagamoyo, Saadani, Mkwaja, Ushongo, Pangani, Tongoni, ndipo Tanga. Bahari inakaa mkono wako wa kulia mwanzo hadi mwisho, ingawa si muda wote utaiona. Ni njia ya mtu asiye na haraka. Kama una miadi Tanga kesho asubuhi, panda basi.

Jambo ninalotaka mlishike kabla ya yote: safari ya pwani hupangwa kwa maji. Kupwa na kujaa ndiko kunakoamua utakula nini, utaoga saa ngapi, na kisiwa utakikuta au kimezama. Kuna watu hufika ufukwe mzuri kabisa saa ambayo bahari imekwenda mbali, wanaona matope na majani ya baharini, wanasema hapa hapana kitu na kugeuza gari. Wangekaa kivulini wakala dafu, alasiri maji yangewafuata walipo.

Hesabu yake ni rahisi na kila mvuvi anaijua. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Kwenye pwani yetu hii siku za bamvua maji yanajaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, yanapwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata sogeza mbele kama dakika 50. Baada ya wiki hivi mambo yamegeuka: ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji juu sana, na saa 4 asubuhi ndipo imejaa. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inakutosha kujua mwezi uko wapi, kilichobaki ni kuhesabu.

Kwa hiyo toka Dar siku chache kabla ya bamvua, ili bamvua yenyewe ikukute Ushongo au Pangani. Sababu nitaitoa nikifika huko.

Kutoka mjini sina mengi. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, lami tupu, kama kilomita 70 uko Bagamoyo. Ukitoka mapema ingia Kunduchi kwanza, soko la samaki lipo na magofu yenye makaburi ya zamani yapo pia, lakini usimalize nguvu hapo.

Bagamoyo nenda sokoni ufukweni kabla ya kutafuta gesti. Vyombo vilivyolala baharini hurudi asubuhi. Kama maji yamekauka, mashua na ngalawa zinabaki mbali zimeegemea mchanga, na wabebaji wanatembea kwenye tope wakiwa na matenga mabegani, maji yanawachuruzika mgongoni. Samaki wanamwagwa chini, dalali anasimama juu ya fungu na kuanza kutaja bei. Akina mama wakaangaji wamezunguka, kanga zimekazwa kiunoni, wengine hawasemi neno, wanainua kidole tu na fungu limeshauzwa. Utaona vibua, changu, tasi, kolekole, nguru, jodari akiwepo, taa, pweza, ngisi, na kamba wa aina mbili tatu. Mgeni asijitie kwenye mnada. Mfuate mama mmoja mwenye karai, mwambie unataka samaki wa namna gani na wa ukubwa gani, akununulie, akukaangie, umlipe na ya mkono wake. Utakula vizuri kuliko hoteli yoyote, na fedha imekwenda moja kwa moja kwa mtu anayeishi kwa bahari hiyo.

Anavyokaanga ni hivi: anampasua samaki mistari ya kina pande zote mbili, anasugua chumvi mpaka ndani ya mistari, anamtumbukiza kwenye mafuta yaliyochemka kweli juu ya kuni. Ngozi inakauka na kulia ukiivunja, ndani bado ni laini. Muhogo wa kukaanga, kachumbari, ndimu, pilipili. Basi.

Nitaendelea na Saadani. Karibuni kwa maswali.

Mdau wa Bagamoyo

Mleta uzi umetuheshimisha. Ila usiwapitishe watu Bagamoyo kwa samaki peke yake.

Wakishashiba waende Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji. Pale pana magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, miongoni mwa ya kale kabisa upande wa bara, pamoja na makaburi 22, mengine yenye nguzo. Pana kisima cha maji yasiyo na chumvi. Zamani vyombo vilikuwa vinatia nanga hapohapo. Sasa mikoko imejaa na bahari imesogezwa mbali, ndiyo maana mji ukahamia ulipo leo. Watu bado wanakwenda kuomba kwenye kaburi la Sharifa, kwa hiyo uvaaji na sauti viwe vya mahali pa ibada.

Halafu Misheni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walijenga hapo 1868. Kwenye mnara wa kanisa la zamani ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Waliombeba kutoka ndani huko mpaka pwani ni Susi, Chuma na wenzao, kwa miguu, miezi na miezi. Mimi kila nikisimama pale nawafikiria wao zaidi kuliko aliyebebwa. Pembeni kuna mbuyu uliomeza mnyororo: ulifungwa shinani, mti ukanenepa ukaufunika, leo kinaonekana kipande kidogo tu kinachoning'inia.

Na Boma la Wajerumani la 1897 ukilipiga picha, kumbuka Bagamoyo ilikuwa makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar es Salaam 1891.

Mwenye Noah

Mkuu mleta uzi, nina Noah, familia ya watu sita. Saadani inafika?

Mleta uzi

Mdau wa Bagamoyo, asante sana, hapo kwa Susi na Chuma tuko pamoja.

Ndugu yangu mwenye Noah, inategemea mvua. Ukitoka Bagamoyo unapitia Makurunge kuelekea mto Wami na hifadhini. Kiangazi gari la kawaida linapita kwa uangalifu. Masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi wa mle ukilowa unashika tairi kama gundi, hapo hata lenye nguvu ya magurudumu manne linatoa jasho. Barabara nzima ya Bagamoyo, Makurunge, Saadani, Pangani hadi Tanga ina mradi wa lami wa kilomita karibu 250, kwa hiyo utakuta vipande vya michepuko, vumbi na mitambo. Kabla hujatoka Bagamoyo ulizia kwa madereva wa magari yanayokwenda huko, wao ndio wanaojua jana palikuwaje. Jaza mafuta Bagamoyo, usitegemee vituo njiani. Na kama mvua imeshanyesha, njia mbadala ni kurudi barabara kuu na kuchepukia Mandera.

Kuhusu Saadani yenyewe. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo ya pekee nchini ambako mbuga inashuka hadi Bahari ya Hindi. Msitegemee makundi ya Serengeti. Twiga, kongoni, ngiri, nyati, tembo ukibahatika, palahala ukibahatika zaidi. Uzuri wake ni kuwa asubuhi unatazama wanyama na mchana una miguu ndani ya maji ya chumvi. Kiingilio si cha fedha taslimu, jiandae na malipo ya kadi au simu kabla mtandao haujapotea.

Panda boti mto Wami. Viboko wamejipanga kwenye mkondo, mamba kwenye kingo, mbega kwenye miti, na ndege wengi. Mpenda samaki azingatie jambo moja: maji yale ya tope yanayoingia baharini pamoja na mikoko ndiyo yanayolea kamba. Kamba wadogo wanakulia kwenye mizizi ya mikoko, maji baridi na ya chumvi yanapokutana, wakishakua ndipo wanatoka. Pakikatwa mikoko kwa ajili ya mkaa na nguzo, sahani yako ya kamba inakatwa nayo. Kijiji cha Saadani kinaishi kwa kamba na samaki, na watu wake wako hapo tangu enzi za misafara, kabla ya neno hifadhi kufika. Ukila, kula kwao. Kamba wa nazi wa pale wanapikwa muda mfupi sana: nazi ya kwanza inawekwa mwishoni, kamba wakishabadilika rangi sufuria inateremshwa. Ukiwaacha wachemke wanakuwa mpira.

Mpenda lami

Sioni sababu ya kujitesa. Unaweza kwenda Segera, Muheza, Tanga kwa lami, ukashuka Pangani siku moja na kurudi. Samaki ni walewale. Watoto watapata vumbi la bure.

Mleta uzi

Mkuu, hoja yako nzito kwa mwenye siku mbili au mwenye mtoto mchanga, na kwa masika ningesema hivyohivyo. Lakini samaki si walewale. Anayefika hotelini Tanga amepita mikono, barafu na usiku. Yule wa Mkwaja ulimwona anashuka chomboni. Na kuna vitu haviko kwenye lami kabisa: mashamba ya chumvi ya Saadani, kasa wanaopanda kutaga Madete, wavuvi wa Kipumbwi wanaoshona nyavu chini ya minazi. Ukishuka Pangani kwa siku moja unaona mto na kivuko, unarudi, umeukosa ukanda mzima wa kusini ya mto.

Mama wa Pangani

Assalaam aleikum wanangu. Nimefurahi kuona mmetukumbuka. Naomba niongeze kwa upande wetu.

Aliyesema mje na bamvua kasema kweli, na sababu ni pweza. Bamvua maji yakitoka saa 4 asubuhi miamba inabaki wazi, na wanawake tunakwenda kuchokoa. Unatembea umevaa viatu, maana chaza wanakata, unatafuta shimo lenye vigamba mlangoni. Pweza akila kaa na chaza anatupa maganda nje, ndiyo anwani yake. Unatia kijiti polepole, anakishika mwenyewe. Chini ya nusu kilo hachukuliwi, hiyo ni sheria, na ni akili pia kwa sababu pweza anakua haraka sana, ukimwacha mwezi au miwili utamkuta amezidi. Maji mafu hakuna kuchokoa, mwamba hautoki. Kwa hiyo mgeni anayekuja maji mafu akauliza pweza, anapewa wa kwenye barafu, asilaumu.

Kumpika: kwanza apigwe. Anapigwa juu ya jiwe mpaka mikono ilegee. Akioshwa, atiwe sufuriani bila maji. Narudia, bila maji, atatoa yake mwenyewe mengi ya rangi ya zambarau. Achemke na kitunguu thomu, tangawizi na ndimu mpaka maji yake yakaribie kukauka, ndipo nazi iingie. Anayetaka supu aongeze maji moto mwishoni. Chumvi onja kwanza, pweza amekuja na ya kwake.

Mwenye Noah

Shikamoo mama. Hilo la bila maji sikuwahi kuambiwa, nitampelekea mke wangu ujumbe sasa hivi.

Mama wa Pangani

Marahaba mwanangu. Mpelekee, na wewe uingie jikoni.

Mleta uzi

Mama, nimeshukuru. Sasa Ushongo na kisiwa cha Maziwe.

Ushongo iko kusini ya mto Pangani, upande wa Bweni. Ufukwe mrefu, mchanga wa kukanyagika, minazi, kijiji cha wavuvi na malazi ya kila kiwango. Hapa ndipo nawasihi mtulie. Maziwe ni rundo la mchanga katikati ya matumbawe, hifadhi ya bahari tangu 1975. Wazee wanakikumbuka kikiwa na miti, miti ikaisha, sasa maji ya bamvua yakijaa kisiwa chote kinafunikwa na kutoka tena. Kwa hiyo siku za bamvua unatoka kwa boti mnamo saa 2 au saa 3 asubuhi, unafika mchanga unapanda juu ya maji, unaogelea pembezoni kwenye matumbawe na miwani yako, samaki wa rangi zote, na mchana nahodha akisema twende, mnakwenda. Asiwepo wa kuomba dakika tano za picha. Kasa wa kijani bado wanapanda kutaga kisiwani, na kwa kuwa mayai yangeoza kwa maji ya chumvi, walinzi wanayahamishia ufukweni Ushongo. Yakianguliwa watoto wanaachwa wajikokote wenyewe hadi majini. Ukiwa hapo uliza kama kuna kiota kilichofikia siku zake. Simama nyuma ya mstari, usiwashe mwanga, usiwabebe.

Na kwa kuwa tumegusa kasa: nyama yake ukipewa, kataa. Analindwa na sheria, na nyama yake wakati mwingine ina sumu isiyotoka kwa kupikwa. Pemba mwaka 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki kisiwa cha Panza kwa kula kasa. Watoto wanane.

Pangani unaingia kwa kivuko kutoka Bweni. Abiria wote wanashuka garini, dereva anapanda peke yake. Usifike usiku. Daraja la mita 525 lipo kwenye mradi uleule wa barabara, lakini mimi nawashauri mtu akipata nafasi avuke kwa kivuko, mto ule ni mpana na wa kijani kibichi, mikoko huku, minazi kule, na unauona mji unakuja.

Mji wenyewe umechoka, majumba ya zamani yanabomoka mtaa kwa mtaa na inauma. Lakini tembea. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani pwani hii, alinyongwa Desemba 1889. Ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndipo mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipopandwa 1893: miche 62 iliyosalimika kutoka shehena ya elfu moja iliyotoka Florida. Mashamba yote ya mkonge mtakayopita mkienda Tanga, na uchumi wa mkoa kwa miongo mingi, vimetoka kwenye miche hiyo 62.

Mchuuzi wa zamani

Naomba niseme la samaki wa baruti, kwa sababu nimefanya kazi ya samaki miaka mingi na linaniuma. Pwani ya Tanga iliteswa sana na mabomu. Hali imepungua tangu vyombo vya ulinzi viliposhika kasi, lakini mnunuzi lazima ajue, kwa sababu anayenunua ndiye anayelipia baruti inayofuata.

Samaki mzima mbichi: macho yametuna na yanang'aa, mashavu mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi, ukimshika kichwa mkia hauanguki. Wa bomu anaweza kuwa na macho mazuri kabisa, maana amekufa leo. Mpasue. Ndani damu imevilia, matumbo yamepasuka, mbavu zimeachana na nyama, na mara nyingi uti wa mgongo umekatika. Nyama ni teketeke na inaharibika mapema. Bomu moja likilipuka mwambani, matumbawe yanayovunjika hayarudi kwa umri wa mtoto wako. Muulize muuzaji samaki amevuliwa kwa mshipi, dema au wavu. Ambaye samaki wake ni halali atakujibu mpaka jina la mwamba.

Mdau wa Tanga

Nyie mmechelewa Pangani, mimi nimeshawawekea kahawa huku.

Njiani msipite Tongoni bila kusimama, ni kama kilomita 17 kabla ya mji. Msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya arobaini, ya nguzo ni mengi kuliko mahali pengine popote pwani hii, ya karne ya 14 na 15. Nguzo nyingi zimeanguka, na kwenye zilizosimama unaona vishimo vya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za China. Meli ya Vasco da Gama, São Rafael, iliishia kwenye mafungu ya mchanga jirani na hapa, mwaka 1499: mabaharia walikuwa wamepungua kwa maradhi, wakaichoma na kuendelea na zilizobaki. Mikoko iko nyuma ya makaburi, kimya, na mlinzi wa pale akikuona una nia anaeleza bila kukimbia.

Tanga mjini kuna jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalijui vizuri: silikanti. Samaki mwenye mapezi mazito kama miguu, wataalamu waliamini ametoweka zamani za dinosaria, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa hapa kwetu wakaanza kumtoa kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo sababu ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, 2009, kuanzia mdomo wa mto Pangani kupanda kaskazini kupita mji. Haliwi, nyama yake ya mafuta mafuta haifai, na aachwe. Ila kujua kwamba yumo chini ya maji uliyoyaangalia kutoka Raskazone ni fahari kubwa.

Chakula: asubuhi mbaazi za nazi na mandazi, msiulize hoteli, ulizeni mtaani. Mchana soko la samaki la Deep Sea, mnachagua na kupikiwa. Usiku pweza wa kukatwa vipande na supu yake kwenye kikombe, mishkaki ya ngisi mkiikuta, na mkate wa kumimina wa kupeleka nyumbani. Siku ya kupumzika na bahari nendeni mapango ya Amboni, kilomita 8 njia ya Mombasa. Ni mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji, yapo mapango kumi na wageni wanaingizwa moja. Vaa viatu vyenye kushika.

Mpenda lami

Haya, mmenilegeza. Swali la mwisho la kiutendaji: samaki wa kurudi nao Dar unawafikishaje? Nikirudi kwa lami ni saa sita au saba.

Mchuuzi wa zamani

Nunua asubuhi ya kuondoka. Toa matumbo na mashavu hapohapo, hayo ndiyo yanayoanza kuoza. Osha kwa maji ya bahari safi, maji yasiyo na chumvi yanailainisha nyama. Deli kubwa, barafu iliyopondwa chini, samaki, barafu, samaki, juu barafu, nyingine jaza tumboni mwa samaki. Fungua kitundu cha chini ili maji ya barafu yatoke, samaki akiogelea humo anapauka na kupoteza ladha. Pweza na kamba viwe mfuko wao peke yao. Usiweke deli juani wala juu ya injini, na ukisimama Segera kula, lifunike nguo iliyolowa. Anayetaka kutokubeba wasiwasi anunue ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa; papa mkavu anakaa wiki na wiki.

Msafiri wa kike

Mimi na rafiki yangu tunataka kwenda wawili, bila mwanaume. Je, kuna shida? Na Ramadhani ikiangukia safari?

Mama wa Pangani

Njooni wanangu. Vaeni suruali au gauni la heshima mkiwa kijijini, kanga iwe karibu, ya kuogelea ibaki ufukweni. Mkifika kijiji kidogo salimieni wazee kwanza, ukishasalimia una wenyeji. Msiendeshe usiku kati ya Saadani na Bweni, si kwa ajili ya watu, ni kwa ajili ya tembo na barabara.

Ramadhani mchana mama lishe wengi wamefunga na majiko yamepoa. Bebeni chenu mle garini, si barazani pa watu. Lakini jioni ndiyo msikose. Futari ya pwani ni mihogo ya nazi, tambi, maharage ya nazi, samaki wa kupaka, uji wa pilipili manga. Mgeni akipita saa ya kufuturu haachwi aende.

Mwenye Noah

Mleta uzi tufungie hili moja: mwezi gani?

Mleta uzi

Kwa Noah na watoto, mkuu, lenga Januari au Februari. Ni kaskazi, bahari ina nyakati za kutulia, maji yana mwanga mzuri wa kuonea matumbawe na njia kavu. Joto kali tu, kwa hiyo mapango na magofu asubuhi mapema. Juni hadi Agosti kusi linavuma: hewa ni nzuri na wanyama Saadani wanaonekana kirahisi, ila bahari ina mawimbi, boti ya Maziwe inaweza kuahirishwa siku nzima na nguru anapanda bei kwa sababu vyombo vidogo havitoki. Ukienda wakati huo ongeza siku za akiba Ushongo. Septemba na Oktoba upepo unapungua, hapo nami ndipo ninapopenda zaidi. Angalia mwezi ukiandama lini, rudisha nyuma siku tatu, hiyo ndiyo siku yako ya kutoka Dar. Ukipata tarehe iandike hapa, mdau wa Bagamoyo akuelekeze kwa mama mwenye karai.